Maneno Yaliyovuka Bahari: Majibu kwa Wasomaji kuhusu Krioli na Imani za Jadi

Katika toleo lililopita niliandika aya chache kuhusu lugha zinazoitwa krioli, yaani lugha zilizozaliwa pale ambapo watu wasioelewana kwa lugha walikusanywa mahali pamoja, mara nyingi kwa nguvu, wakalazimika kuunda usemi mpya ambao watoto wao waliurithi kama lugha ya mama. Sikutarajia kwamba aya zile zingeleta barua kutoka Kirumba, hapa jijini Mwanza, hadi Nansio. Nimechagua tano. Nyingine zinahusu mambo yale yale, na waandishi wake wataona kwamba nimewajibu humu humu.

Swali: *Mhariri, mwangaluka. Mwanangu ni baharia katika meli ya kuvulia jodari, na meli yao hutia nanga Shelisheli. Aliporudi nyumbani hapa Kirumba alinisimulia kwamba bibi mmoja wa kule huwahadithia wajukuu zake habari za mjanja aitwaye Soungoula, na mtoto akikataa kuingia ndani jioni humtisha kwa dandotia, ambaye ni maiti aliyefufuliwa akafanywa mtumwa. Mimi nilisikia sungura na ndondocha. Je, nimesikia vibaya, au maneno haya ni yetu? Kama ni yetu, nani aliyapeleka huko?*

Jibu: Mwangaluka, mama. Umesikia vizuri. Soungoula ni sungura wetu, yule yule anayewashinda fisi na simba kwa akili, na dandotia ni ndondocha wa watu wa kusini mwa nchi yetu na kaskazini mwa Msumbiji, ambaye sisi wa Kanda ya Ziwa tumezoea kumwita msukule. Badiliko la r kuwa l katika jina la sungura halipaswi kumshangaza mtu wa huku kwetu, ambako lugha kadhaa za jadi hazitenganishi sauti hizo mbili, na ambako kila uchaguzi unapokaribia watu hukumbushana tofauti ya kula na kura. Wengi wa waliolipeleka jina hilo visiwani walikuwa wasemaji wa lugha za Kibantu za bara na za pwani ya kusini, nao walilitamka kwa ndimi zao.

Kuhusu nani aliyapeleka, jibu lake ni la huzuni na linastahili kuelezwa kwa utulivu. Visiwa vya Shelisheli havikuwa na wakazi hadi mwaka 1770, Wafaransa walipoanza kuweka makazi wakiwa na watumwa. Kabla ya hapo walikuwa wamekwisha kukitawala kisiwa cha Morisi, ambacho wakati huo kiliitwa Île de France, na mashamba yao yalihitaji watu wa kufanya kazi. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka. Kilwa hiyo ndiyo ile ambayo watoto wetu husoma habari za misikiti yake ya mawe na sarafu zake. Waliopakiwa majahazini pale na katika bandari za Msumbiji walikuwa Wamakua, Wayao, watu wa kandokando ya Ziwa Nyasa na wengine wengi, nao walikuta huko watu wa Madagaska na wachache wa India, wote wakiwa chini ya bwana asemaye Kifaransa. Msamiati wa krioli ya Shelisheli kwa sehemu kubwa ni wa Kifaransa kwa sababu hiyo, lakini usiku, bwana alipokuwa amelala, hadithi zilisimuliwa na waliozijua tangu utotoni, na sungura akabaki na jina lake.

Liko jambo jingine ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo linaloeleza kwa nini mambo ya Afrika Mashariki yamehifadhika vizuri zaidi Shelisheli kuliko Morisi. Utumwa ulifutwa katika visiwa hivyo mwaka 1835, chini ya Waingereza. Hata hivyo, kuanzia mwaka 1861 manowari za Uingereza zilizokuwa zikiyakamata majahazi ya watumwa katika pwani yetu ziliwashusha Shelisheli zaidi ya watu 2,000 waliookolewa, wengi wao wakiwa watoto. Mwaka 1876 wamisionari wa Kianglikana walijenga shule kwa ajili ya watoto hao juu ya mlima wa kisiwa cha Mahé, mahali palipoitwa Venn's Town, na magofu yake bado yapo. Kwa hiyo, wakati krioli ilipokuwa imekwisha kukomaa, uliingia mkondo mpya wa watu waliotoka bara wakiwa na lugha zao, nyimbo zao na hofu zao. Ngoma ya moutya, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2021, ni ya watu hao na ya waliowatangulia: ngoma za ngozi huwambwa kwa moto, na mtu mmoja huimba malalamiko yake huku wengine wakimwitikia.

Nataka kukaa kidogo kwenye neno dandotia, kwa sababu naona limebeba zaidi ya jina la sungura. Hapa kwetu husemwa kwamba msukule hukatwa ulimi, hulishwa pumba, hufichwa mchana, na usiku hulimishwa shamba la aliyemchukua. Wahaiti, walio mbali nasi upande wa pili wa Atlantiki, humwita wao zonbi, neno ambalo wasomi wengi hulihusisha na lugha za Kongo, nao huamini kwamba zonbi akionja chumvi hukumbuka yeye ni nani na kurudi kaburini kwake. Tazama yale yanayofanana: mtu asiye na jina, asiye na sauti, anayefanya kazi asiyolipwa, ambaye ndugu zake walikwisha kumlilia. Mtu aliyeuzwa Kilwa au Ouidah, bandari ya watumwa ya Afrika Magharibi, alikuwa hivyo hivyo machoni pa mama yake aliyebaki kijijini. Hakuonekana tena, matanga yakakaliwa, ilhali alikuwa hai akilima miwa ya mwingine. Sidai kwamba imani ya ndondocha ilitokana na biashara ya watumwa, maana huenda ni ya kale kuliko majahazi yote. Ninachosema ni kwamba watu waliopitia hali ile hawakuwa na sababu ya kulisahau neno hili, na kila walipolitamka walijua wanazungumzia nini.

Mwambie pia mwanao kwamba kule mganga wa miti shamba, ambaye wakati mwingine huogopwa kama mchawi, huitwa bonnonm dibwa, yaani mzee wa miti, na hirizi huitwa grigri. Na kwa kuwa umeniambia meli yao hutia nanga katika mji mkuu, nitaongeza hili: mji ule huitwa Victoria, kwa jina la malkia yule yule ambaye mpelelezi Mwingereza Speke alilibandika jina lake ziwa letu alipolitazama kutoka Mwanza mwezi wa Agosti mwaka 1858, bila kuwauliza waliokuwa wakiliita Nyanza.

Swali: *Mimi ni mwalimu wa Kiswahili huko Nansio, Ukerewe. Baada ya kusoma toleo lililopita, wanafunzi wangu wa kidato cha nne walishindana kama Kiswahili nacho ni krioli, kwa kuwa kimechanganya Kiarabu, Kireno, Kihindi na Kiingereza. Mmoja alisema kwamba krioli ni lugha iliyoharibika, na kwa hiyo ni matusi kukiita Kiswahili hivyo. Naomba ufafanuzi nitakaoweza kuwasomea darasani.*

Jibu: Mwalimu, naanza na mwanafunzi wa mwisho, kwa sababu kosa lake ndilo kubwa zaidi. Krioli haikuharibika. Ina kanuni zake, na anayezivunja husahihishwa na watoto wa kule kama vile watoto wa Nansio wanavyomsahihisha mgeni. Tuchukue krioli ya Morisi: *mo manze* ni nakula, kwa maana ya mazoea, *mo ti manze* ni nilikula, *mo pe manze* ni ninakula sasa hivi, na *mo pou manze* ni nitakula. Kitenzi hakibadiliki hata kidogo, na kazi yote ya kuonyesha wakati hufanywa na vijineno vinavyosimama mbele yake. Mfaransa hatalielewa neno *ti* hadi afundishwe, ingawa asili yake ni Kifaransa. Shelisheli waliipa krioli yao hadhi ya lugha ya taifa mwaka 1981, wakaanza kuitumia kufundishia darasa la kwanza mwaka uliofuata, na Haiti iliiandika krioli yake katika katiba ya mwaka 1987 kuwa lugha rasmi sambamba na Kifaransa. Lugha iliyoharibika haiandikiwi katiba.

Sasa Kiswahili. Kukopa maneno hakuifanyi lugha kuwa krioli, maana lau ingekuwa hivyo, Kiingereza, ambacho kilijaza ghala lake kwa maneno ya Kifaransa na Kilatini, kingekuwa cha kwanza. Kinachotazamwa ni mifupa ya lugha, na mifupa ya Kiswahili ni ya Kibantu. Waambie wanafunzi walichambue neno *tutawapelekea*: tu, ta, wa, pelek, e, a. Ukilipeleka umbo hilo kwa bibi Mkerewe au Msukuma asiyejua Kiswahili, hatalielewa neno lenyewe, lakini mpangilio wake ni ule ule anaoutumia nyumbani kila siku. Watafiti Derek Nurse na Thomas Spear walilieleza jambo hili kwa kina mwaka 1985, wakaonyesha kwamba Kiswahili ni ndugu wa Kipokomo, Kimijikenda na Kikomoro, na kwamba Kiarabu kiliingia kama mgeni katika nyumba ambayo ilikuwa imekwisha kuezekwa.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo Kiswahili na krioli hufanana, na wanafunzi watalifurahia. Watumwa waliposikia Wafaransa wakisema *la case*, yaani nyumba, hawakujua kwamba kile kipande cha mbele ni neno la kuonyesha jinsia, kwa hiyo walilichukua lote, na mpaka leo nyumba ni *lakaz*. Maji ni *dilo*, mwezi ni *lalin*, ndege ni *zwazo*, na kila neno kati ya hayo limebeba kipande cha sarufi ya Kifaransa kisichofanya kazi tena. Sisi tulifanya kinyume chake. Tulipochukua neno la Kiarabu *kitab*, ambalo ki yake ni sehemu ya mzizi, tuliisikia kama ki ya kiti na kisu, tukaunda wingi, vitabu. Wao walikimeza kiambishi kikawa mzizi, sisi tuliumega mzizi ukawa kiambishi. Katika hali zote mbili, sikio la mpokeaji lilisikia kile ambacho lugha yake ya awali ilikuwa imelifundisha kusikia.

Na kama darasa lako linataka krioli ya hapa jirani, ipo katika nchi zinazolizunguka ziwa hili hili. Kinubi, kinachosemwa Bombo nchini Uganda, na Kisumu na Kibera nchini Kenya, ni krioli iliyotokana na Kiarabu. Walioianzisha ni askari kutoka Sudani waliokuwa chini ya gavana Emin Pasha, ambao ofisa Mwingereza Lugard aliwachukua mwaka 1891 na kuwaingiza katika utumishi wa Waingereza. Jina la Kibera lenyewe limetoka katika neno lao *kibra*, yaani msitu.

Swali: *Ndugu mhariri, mimi ni mvuvi wa dagaa, na mwalo wetu uko Igombe. Wazee walitufundisha kufuata mwezi katika kila jambo, na walitukataza kumpandisha mwanamke mtumbwini kwa sababu samaki watakimbia. Vijana wa siku hizi wanatucheka. Je, watu wa visiwa hivyo vya krioli nao wana imani kama hizi, na kuna ukweli wowote ndani yake?*

Jibu: Umeyaweka mambo mawili kapu moja, nami nitayatenganisha.

La mwezi lina ukweli mzito, na vijana wanaowacheka hawajakaa ziwani vya kutosha. Dagaa hufuata mwanga, na taa yako, iwe karabai ya zamani au ya betri ya sola, huwavuta kwa sababu pande zote ni giza. Mbalamwezi ikitanda, ziwa zima lina mwanga na taa yako haina kazi, ndiyo maana mialo hulala siku zile ambazo mwezi ni mpevu. Wale wadudu wadogo wanaopaa juu ya ziwa kama nguzo za moshi, ambao watu wa pwani ya Uganda na Kenya huwakusanya na kuwatengenezea mikate, nao hutoka kwa wingi karibu na siku za mwezi mwandamo. Mzee aliyelipanga juma lake kwa kutazama angani alikuwa akisoma kalenda iliyo sahihi kabisa.

Katika visiwa vya krioli vya Karibi, kama vile Martinique, wakulima nao huufuata mwezi. Mti wa kujengea hukatwa mwezi unapopungua ili usiliwe na wadudu, na mimea ya mizizi hupandwa kipindi hicho hicho. Mambo hayo hayajathibitishwa kwa kiwango cha dagaa wako, lakini nisingemcheka anayeyafuata.

La mwanamke na mtumbwi ni jambo jingine. Dagaa hawawezi kujua aliyekaa nyuma ya taa ni nani. Mwiko huu nimeutafakari kwa muda mrefu, kwa kuwa marehemu shangazi yangu alikuwa na mitumbwi miwili na hakuwahi kukanyaga hata mmoja ukiwa majini. Kila asubuhi alisimama ufukweni akihesabiwa ndoo na wanaume ambao yeye ndiye aliyewanunulia nyavu, na kama walikuwa wameuza nusu ya mavuno katika mwalo mwingine kabla ya kurudi, hakuwa na namna ya kujua. Mwiko ulimweka nchi kavu, na kuwekwa kwake nchi kavu kulikuwa na faida kwa mtu. Ninakushauri kila mwiko uuulize swali hilo: nani anayepata akikaa, na nani anayekosa? Mwiko wa kutokufagia usiku, ambao tunao sisi na ambao watu weusi wa kusini mwa Marekani nao wanao, hauna wa kumdhulumu, na pengine ulimzuia mtu asiitupe shilingi gizani. Vivyo hivyo ule wa kutolitaja jina la nyoka usiku, tukasema kamba. Huu wa mtumbwi una mtu unayemdhulumu, na naamini umefika wakati wa kuuacha.

Swali: *Shikamoo mhariri. Bibi yangu anaishi peke yake katika kijiji kimoja wilayani Sengerema. Macho yake ni mekundu, na tangu mtoto wa jirani afariki watu wameanza kusema maneno. Mjomba ametuambia mganga amekwisha kupiga ramli. Ninyi mnaandika habari za ndondocha na hirizi kana kwamba ni mambo ya kupendeza. Hamwoni mnachochea?*

Jibu: Marahaba, mjukuu. Barua yako imeninyima usingizi, na kabla ya gazeti hili kwenda mitamboni nimekuandikia kwa anwani uliyonipa, kwa maana jambo lako haliwezi kungoja toleo lijalo. Nayarudia hapa yanayoweza kuwafaa wengine.

Mhamisheni bibi kwanza, hata kama ni kwa mwezi mmoja tu, kisha toeni taarifa polisi na kwa mtendaji wa kijiji, kwa maandishi, mkimtaja aliyepiga ramli. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ingali inafanya kazi, nayo humfanya mkosaji anayemnyooshea mwenzake kidole na kumwita mchawi. Mwezi wa Januari mwaka 2015 Serikali ilitangaza marufuku dhidi ya waganga wapiga ramli, baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, kwa hiyo ramli chonganishi haina pa kujifichia kisheria. Mpelekeni bibi hospitali pia. Macho ya mwanamke aliyepika kwa miaka 50 katika jiko lisilo na dirisha, akiwasha kuni, mabua na samadi kavu ya ng'ombe pale kuni zilipokosekana, huwa mekundu kwa moshi. Vikope navyo huyafanya hivyo, na vikope vina dawa. Kila mtu wa Usukumani amekulia katika jiko la namna hiyo na kula chakula kilichopikwa humo, na wekundu wa macho ya bibi zetu ndiyo gharama waliyoilipa kwa ajili yetu. Kisha ulizeni, kwa upole lakini bila kuchoka, shamba la bibi linapakana na la nani, na nani angelirithi akiondoka.

Unauliza kama tunachochea. Nimelipima swali lako kwa uzito unaostahili. Mimi huandika kuhusu imani kwa sababu mtu asiyejua msukule ni hadithi ya namna gani, imetoka wapi na imesafiri hadi wapi, ndiye anayedanganywa kirahisi na anayemwambia kwamba marehemu wake yu hai katika boma la jirani, na kwamba ng'ombe wanne watatosha kumtoa. Lakini nakiri kwamba katika toleo lililopita niliitaja hirizi kwa mapenzi na sikusema lolote kuhusu wanaoumizwa, na katika mkoa huu kunyamaza huko kulikuwa kosa. Ninalisahihisha leo.

Swali: *Nina watoto wanne, na umeme ukikatika hapa Bwiru tunakaa barazani tukitegana vitendawili. Tumevimaliza vyote tunavyovijua. Je, hao wenzetu wa krioli wanavyo?*

Jibu: Wanavyo, tena wanavitega karibu kama sisi. Sisi tunasema "Kitendawili!" na kuitikiwa "Tega!" Mtu wa Morisi husema "Sirandann?" na wenzake huitikia "Sanpek!" Charles Baissac, mwandishi wa huko Morisi, alivikusanya vingi na kuvichapisha mwaka 1888, pamoja na ngano za sungura na kobe. Nakupa vitatu vilivyo maarufu, na uwasomee watoto kwa krioli kwanza ili wasikie mlio wake.

*Dilo dibout?* Maji yaliyosimama. Jibu ni *kann*, yaani muwa.

*Dilo pandan?* Maji yanayoning'inia. Jibu ni *koko*, yaani nazi.

*Piti bonom, gran sapo?* Mtu mfupi, kofia kubwa. Jibu ni uyoga. Wanao watakukumbusha kwamba na sisi tunaye huyu, ila kwetu si mtu, ni nyumba: "Nyumba yangu kubwa ina nguzo moja."

Mimi hupenda zaidi viwili vya kwanza, kwa sababu ya ufupi wake. Maneno mawili tu, na ndani yake umo mmea ambao watu wale waliletwa kuulima, ukiitwa maji na si mali ya mtu. Kitendawili hakikumtaja bwana wala shamba. Kiliutazama muwa kama anavyoutazama mtoto mwenye kiu.

Na kwa kuwa watoto wako wamevimaliza vya zamani, wafundishe kutunga kwa kufuata umbo hilo hilo la maji. Niliwajaribu wajukuu zangu Jumamosi iliyopita. Wa kwanza alisema, "Maji yaliyolala," akakusudia ziwa, na hatukuchukua muda kulipata. Mdogo wake, mwenye miaka saba, alifikiri sana, kisha akasema, "Maji yanayotembea." Tulitaja mto Simiyu, tukataja mvua, tukataja hata jasho, yote akayakataa. Tulipoomba jibu alidai mji kwanza, kama desturi ilivyo, na sisi tukampa Mwanza yote pamoja na Ukerewe. Ndipo akasema jibu lake ni ndoo, ikiwa kichwani mwa mama.